Mjadala: "Anasemaga" na "masaa mawili". Lugha inaharibika au inabadilika?

Mleta mada

Wakuu, habari zenu.

Naomba tujadili jambo linalotugombanisha kila siku. Mtu akiandika "babu anasemaga hivyo" au "nimesubiri masaa mawili", haichukui muda atatokea wa kumsahihisha, na masahihisho hayo mara nyingi huja na lawama: mnaiua lugha, vijana wa sasa hamjui Kiswahili, wazee ndio walikuwa wanasema vizuri. Swali langu ni hili: lugha ikibadilika, inaharibika? Na kama haiharibiki, kwa nini maumbo yanayotumiwa na watu wengi namna hii kila siku yaendelee kufungiwa nje ya vitabu vya sarufi?

Mimi nasema haiharibiki, na ushahidi wa kwanza uko kinywani mwa kila anayesoma hapa. Chukueni kitenzi "fungua". Katika kauli ya kutendwa tunasema "funguliwa". Hiyo l imetoka wapi? "Zaa" inakuwa "zaliwa", "chukua" inakuwa "chukuliwa", "vaa" inakuwa "valiwa". Sasa sikilizeni majirani: Mganda anasema "zaala", Mzulu "zala", na kwa Mchewa kuvaa ni "kuvala", njaa ni "njala". L ilikuwepo. Waliotutangulia waliacha kuitamka mwishoni mwa maneno mengi, ikabaki imejificha kwenye minyambuliko tu. Kwa kipimo tunachokitumia leo, kijana wa kwanza kusema "njaa" mbele ya bibi yake aliyesema "njala" alikuwa mvivu anayemeza sauti. Uvivu huo ndio Kiswahili sanifu chetu.

Linalonivutia zaidi ni "sahau". Tulilitoa kwenye Kiarabu, na huko halikuwa na l yoyote. Lakini wasemaji walishazoea kwamba kitenzi kinachoishia kwa irabu mbili hudai l kikinyambuliwa, basi wakakipa l ambayo hakikuwahi kuwa nayo: sahauliwa, sahaulika. Hakuna mwalimu anayekata alama kwa hilo.

Viambishi vyetu vya njeo navyo vina historia hiyo hiyo. "-Ta-" ya wakati ujao ni kitenzi "taka" kilichochakaa. "-Me-" inatokana na kitenzi cha kale "mala", yaani kumaliza, ambacho Waganda wanacho hadi leo na sisi tunakiona ndani ya "maliza". "Amba-" ya "ambaye" ilikuwa kitenzi cha kusema; kipo mzima ndani ya "ambia". Na hili si letu peke yetu. Waingereza walitengeneza wakati ujao kutokana na "will", neno lililomaanisha kutaka. Wafaransa, Wahispania na Waitalia walichukua "nina la kuimba" la Kilatini, wakaliviringisha likawa neno moja, "nitaimba". Watu ambao hawakuwahi kukutana wamepita njia zinazofanana, kwa sababu kinachotumika sana hufupishwa, na kilichofupishwa hupoteza uzito wake wa zamani kikabeba kazi ya sarufi.

Ushahidi wa mwisho ni wa kale. Kuna orodha ya masahihisho 227 ya Kilatini inayoitwa Appendix Probi. Aliyeiandika hajulikani jina, ila kazi yake inaeleweka mara moja: sema hivi, usiseme vile. Sema "speculum", usiseme "speclum". Sema "vetulus", usiseme "veclus". Sema "calida", usiseme "calda". Sasa muulizeni Mwitalia wa leo kioo kinaitwaje: "specchio". Mzee? "Vecchio". Kitu cha moto? "Calda". Katika mifano hiyo yote mitatu kosa ndilo lililoshinda. Mwalimu yule alitaka kulinda lugha, na bila kukusudia akatuachia picha nzuri ya jinsi Kitaliano kilivyokuwa kinazaliwa.

Karibuni. Naomba hoja, matusi tuyaache.

Mhariri

Mleta mada, umeandika vizuri, ila napinga. Nimekaa kwenye kazi ya kuhariri kwa muda mrefu na naona upande ambao wewe unauruka.

Kwanza, mfano wako wa Kilatini unakugeuka. Ni kweli "speclum" ilishinda. Lakini nini kilifuata? Lugha moja iliyoeleweka kutoka Hispania hadi pwani ya Bahari Nyeusi ikavunjika vipande. Leo Mreno na Mromania hawaelewani bila kusomeshwa. Wewe unaita hiyo kuzaliwa kwa Kitaliano. Mimi naita kupotea kwa njia ya kuwasiliana. Yote mawili ni kweli, ila wewe umetaja moja.

Pili, mabadiliko yana gharama inayolipwa na mtu mwingine. Tazama Uturuki. Mwaka 1927 Atatürk alitoa hotuba maarufu iliyochukua siku sita. Mwaka 1928 wakabadili maandishi kutoka hati ya Kiarabu kwenda ya Kilatini, na mwaka 1932 ikaundwa taasisi ya kuondoa maneno ya Kiarabu na Kiajemi na kuweka mengine. Kufikia miaka ya 1960 hotuba hiyo ililazimika kuchapishwa upya kwa Kituruki kipya ili vijana waielewe. Hotuba ya mwanzilishi wa nchi yao! Babu yuko hai na mjukuu hawezi kusoma alichosoma babu. Ukisema lugha haiharibiki, mwambie hivyo mtu aliyefungiwa mlango wa maktaba ya kwao.

Tatu, mkataba, hukumu ya mahakama, maelezo ya dozi ya dawa. Hapo lugha inahitaji kutulia. Usanifu si kiburi cha watu wa mjini. Ni makubaliano, na makubaliano yakivunjwa kila kizazi hayana maana.

Mchangiaji

Naunga mkono hoja ya mhariri. Na bado hajagusa "xaxa", "cjui" na "ckuelewi". Hiyo nayo ni mabadiliko?

Mleta mada

Ndugu, hayo ya "cjui" ni mkato wa maandishi tu. Anayeandika hivyo akifungua mdomo anasema "sijui" kama wewe. Waandishi wa Kilatini wa zama za kati walikata maneno kwa alama nyingi ili kuokoa ngozi ya kuandikia, na alama ya & iliyopo kwenye simu yako ni neno "et" lililounganishwa. Lugha haikuguswa. Hilo tuliweke kando.

Mhariri, umenipa kazi. Nianze na Uturuki, kwa sababu naona mfano huo unanisaidia mimi. Yale hayakuwa mabadiliko ya wasemaji. Yalikuwa amri. Watu walioshika kalamu waliamua maneno yapi ni safi na yapi ni machafu, wakayafukuza machafu. Ni kazi ileile ya msahihishaji, ila imefanywa na serikali nzima kwa nguvu zake zote. Mabadiliko yanayotoka midomoni hayafanyi hivyo. Yanakwenda polepole kiasi kwamba babu na mjukuu wanaelewana siku zote, japo babu analalamika.

Kuhusu Kilatini: kilivunjika kwa sababu watu waliacha kukutana. Dola ilianguka, biashara na safari zikapungua, na kila eneo likaendelea na mabadiliko yake bila kusikia ya jirani. Wangeendelea kuchanganyika wangebadilika pia, ila wangebadilika pamoja. Anayetaka Kiswahili kisivunjike ahangaikie watu kuendelea kusikilizana, kusafiri na kusoma maandishi ya pamoja. Kumkaripia anayesema "masaa" hakuzuii mpasuko wowote.

Hoja yako ya tatu naikubali yote. Mikataba na dawa zinahitaji lugha iliyotulia. Swali langu linabaki: iliyotulia juu ya maumbo yapi, na nani anayachagua?

Mkalimani

Niingie hapo kwenye "kutulia", maana nafanya kazi na Kiarabu kila siku.

Kiarabu ndicho mfano mkubwa wa lugha sanifu iliyolindwa kwa karne nyingi. Fus-ha ya maandishi inamwezesha msomi wa Moroko na wa Iraki kusoma kitabu kimoja bila shida, na hiyo ni faida kubwa, mhariri yuko sahihi. Lakini midomo haikusimama. Kiarabu cha nyumbani cha Moroko na cha Iraki vimeachana kiasi kwamba watu wawili wasiosoma wakikutana watahangaika sana. Mtoto anafika shule akiwa na lugha moja ya mama yake, halafu anafundishwa kuandika nyingine ambayo hakuna anayeisema jikoni. Kadiri maandishi yanavyoganda, ndivyo mlima wa huyo mtoto unavyorefuka.

Iceland nao wanasifiwa kwa kutobadilika. Ni kweli msomaji wa kawaida anaweza kusoma masimulizi ya karne ya 13 yakiwekewa tahajia ya kisasa. Lakini matamshi yao yamebadilika sana. Zamani i na y zilikuwa sauti mbili tofauti. Leo ni sauti moja, na tahajia bado inazitenganisha, kwa hiyo mtoto anakariri neno gani lina y na lipi lina i. Walichokihifadhi ni maandishi.

Kwa hiyo mimi sioni kama tunachagua kati ya kubadilika na kutobadilika. Tunachagua umbali gani tunauruhusu kati ya kinachosemwa na kinachoandikwa. Kwa Kiswahili bado umbali huo ni mdogo, na naomba tusiupanue kwa kiburi.

Mwanafunzi wa isimu

Wakubwa zangu, shikamooni. Naona tumezungumzia sana *namna* lugha inavyobadilika, ila *kwa nini* tumeipita haraka.

Uchakavu wa sauti unaeleweka: mdomo unatafuta njia fupi, sikio linadai njia hiyo isiwe fupi mno. Kukopa kunaeleweka, kitu kipya kinakuja na jina lake. Hata hapo lugha haipokei kizembe. "Kitab" ya Kiarabu ina wingi wake, "kutub". Sisi tulisikia "ki" pale mwanzoni, tukaiona kama kiambishi cha ngeli yetu, tukasema vitabu. Barabarani tukapokea maneno ya Kiingereza "keep left", yakawa kipilefti, na wingi vipilefti. Sarufi ilibaki yetu, ikamvalisha mgeni nguo za nyumbani.

Sababu ninayoiona imesahaulika ni kwamba watu hubadili lugha ili waonekane ni wa wapi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwanaisimu William Labov alikwenda kisiwa cha Martha's Vineyard, Marekani, akasikiliza watu wanavyotamka irabu za maneno kama "right" na "house". Kisiwa kilikuwa kinajaa watalii wa majira ya joto. Ungetarajia vijana waige matamshi ya wageni wenye pesa. Aliona tofauti: wale waliokipenda kisiwa na kukusudia kuishi humo ndio waliokazania matamshi ya wavuvi, na waliokusudia kuondoka hawakuyakazania. Hakuna aliyewafundisha, na wengi hawakujua kama wanafanya hivyo. Nikisikia vijana wanasemewa kuwa "wanaharibu", nakumbuka wale wa kisiwani. Umbo la lugha ni njia ya kusema mimi ni wa hapa, na masahihisho hayawezi kushindana na hilo.

Halafu kuna watoto. Nikaragua, mwishoni mwa miaka ya 1970, watoto viziwi ambao kila mmoja alikuwa akitumia ishara za kwao nyumbani walikusanywa shuleni. Ndani ya miaka michache walikuwa wameanza kujenga lugha ya alama, na wadogo waliowafuata wakaipa sarufi yenye mpangilio zaidi kuliko waliyoikuta. Walimu hawakuwafundisha, maana hawakuijua lugha hiyo. Kila mtoto, hata wa Kiswahili, anaijenga lugha upya kutokana na anayoyasikia, na anapojenga hawezi kutoa nakala ileile.

Mwalimu

Marahaba mwanangu. Nimesoma yote kwa makini, na naomba mnisikilize mimi ninayesahihisha insha.

Mtoto akiandika "masaa matatu" nifanye nini? Ninyi mnajadili Kilatini. Mimi nina mwongozo wa usahihishaji unaosema "saa" haina wingi wa ma-. Nikiacha, mtahini wa nje hataacha, na atakayepoteza alama ni mtoto wa watu. Na anayepoteza zaidi ni yule ambaye nyumbani hakuna wa kumwambia. Mtoto wa mhariri atasahihishwa na mzazi wake mezani. Ukiniambia nisimfundishe usanifu kwa sababu lugha zote ni sawa, umemwacha huyu mwingine nje ya mlango huku ukimsifu kwamba anasema vizuri.

Mleta mada

Mwalimu, heshima yako. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote hapa, na sitaki uache kufundisha usanifu. Fundisha. Ninachoomba ni mambo mawili.

La kwanza, mwongozo wenyewe uangaliwe. Chukua "masaa" hiyo hiyo. Kwa usanifu, "saa mbili" ni muda wa kusubiri na pia ni wakati kwenye saa ya ukutani. "Nilifanya kazi saa mbili": kwa muda gani, au kuanzia lini? Wasemaji waliona pengo hilo wakaliziba: "saa mbili" ikabaki kwa wakati, "masaa mawili" ikachukua muda. Hakuna kamati iliyokaa. Ni suluhisho safi, na sisi tunalikatia alama.

Chukua "anasemaga". Tunaambiwa ni uchafu wa bara. Lakini kiambishi hicho cha mazoea, -ag-, kimo katika Kisukuma, Kinyamwezi, Kikuyu, Kinyarwanda na lugha nyingine nyingi za Kibantu, na wanaisimu wanakirudisha hadi kwenye lugha mama ya Kibantu yenyewe. Kiswahili cha pwani ndicho kilichokiacha njiani. Kwa hiyo msemaji wa Tabora anayesema "nakwendaga" amerudisha kifaa ambacho ni kikongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Tuna "hu-" kwa kazi hiyo, lakini "hu-" haionyeshi nafsi. "Huenda" ni mimi, wewe au wao? Tena "huenda" inamaanisha pia "labda". "Nakwendaga" haina utata huo.

La pili ni jinsi ya kusahihisha. Mtoto aambiwe, "hii ni namna ya kusema, na ile ni namna ya kuandika kwenye mtihani." Asiambiwe kwamba mama yake hajui kusema. Usanifu tulionao ulichaguliwa. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliamua Kiunguja kiwe msingi, na kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 ikakisimamia. Ingechaguliwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, leo tungekuwa tunawakatia alama watu wa Unguja. Hilo halipunguzi faida ya kuwa na usanifu mmoja. Linaondoa tu haki ya kumdharau mtu.

Mhariri

Kwa "masaa" umenisogeza. Maana imegawanyika kweli, na nikiwa mkweli nimeshaiacha ipite kwenye habari kwa sababu nikiiondoa sentensi inakuwa na utata.

Lakini kipimo chako ni manufaa, na hapo naona nyufa. Niambie kuhusu "hichi". "Hiki kiti" imekuwa "hichi kiti" kila mahali, hadi kwa watangazaji. Hakuna pengo lolote lililozibwa. Hakuna maana mpya. Kwa hoja yako mwenyewe basi, hiyo ikae nje?

Mleta mada

Swali la haki. "Hichi" imekuja kwa ulinganifu. Sikiliza wenzake: cha, changu, chote, hicho... Ch- imezunguka ngeli nzima kila inapofuatiwa na irabu nyingine, na "hicho" iko jirani kabisa na "hiki". Sikio likalinganisha, likasema "hichi". Ni kazi ileile iliyoipa "sahau" l yake. Ni kweli haijaleta maana mpya, na mabadiliko mengi hayaleti. L ya "njala" ilipoanguka nayo haikuleta maana yoyote.

Kwa hiyo kipimo cha kuingia kwenye kamusi kisiwe manufaa peke yake. Kiwe kuenea: je, watu wa maeneo na elimu mbalimbali wanaitumia hata wanapokuwa makini, wakihutubia au wakihojiwa? "Masaa" imefika hapo zamani. "-Aga" imeenea sana bara, ila kwenye hotuba rasmi wengi bado wanaiepuka, basi iingie kamusini ikiwa na alama kwamba ni ya mazungumzo. "Hichi" ningeisubiri.

Mwalimu

Na wa kufanya uamuzi huo ni nani? Akademia ya Ufaransa ilianzishwa mwaka 1635, na toleo la tisa la kamusi yake limekamilika mwaka 2024, baada ya lile la miaka ya 1930. Wafaransa hawakusubiri. Baraza letu la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lipo tangu mwaka 1967 na kazi ya kukuza istilahi limeifanya. Ila kwa sarufi ya midomoni sijaona likikaa na walimu likauliza: nyie mnaokutana na watoto, mnasikia nini?

Mimi niko tayari kuandika ninayoyasikia darasani, makosa yanayojirudia na sentensi zake kamili, bila majina ya watoto. Walimu wengine wakifanya hivyo, pwani na bara, tutakuwa na kitu cha kuweka mezani. Mhariri, wewe na wenzako mnaweza kufanya hivyo kwa habari mnazopokea kutoka mikoani?

Mhariri

Naweza. Nitaanza na "masaa" na "hichi", na nitatenganisha maneno ya mwandishi na ya anayehojiwa, maana hayo mawili tusipoyatenganisha tutadanganyana.